Vichochoro vya Nyuma: Kutoka Njia za Ndoo hadi Makazi ya Watu

Mgonjwa alipoulizwa anakoishi, alijibu kwa maneno mawili: "Nyuma huko." Muuguzi aliyekuwa akijaza kadi ya matibabu alisubiri jina la mtaa na namba ya nyumba, lakini havikuja. Alikuwa fundi viatu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyekohoa kwa wiki saba kabla ya kufika kliniki yetu ya magonjwa ya kifua, na makohozi yake yalikuwa yamejaa vimelea vya kifua kikuu. Ilitubidi tumfuate nyumbani ili tuwachunguze wale anaoishi nao, kama taratibu zinavyotutaka. Ndipo nilipofahamu kwamba "nyuma huko" ilikuwa anwani kamili.

Kati ya safu mbili za majengo ya ghorofa, katikati ya Jiji la Dar es Salaam, palikuwa na ujia wenye upana wa mita zipatazo nne. Pande zote mbili zilitazamana kuta za nyuma: mabomba ya maji machafu, viyoyozi vinavyodondosha maji, madirisha madogo ya vyoo yaliyowekwa juu kabisa ili mtu asichungulie. Mwisho wa ujia, pale ambapo jengo jipya lilikuwa limeziba njia ya kutokea, vilikuwapo vyumba vitano vya mabati na mbao za makasha. Kimoja kilikuwa cha fundi, mkewe na watoto wawili. Kilikuwa na mlango, hakikuwa na dirisha. Tulifika saa sita mchana, jua likiwa utosini, nasi tuliwasha tochi ili kumwona mtoto mdogo aliyekuwa amelala.

Nimeukumbuka ujia ule kwa sababu siku hizi wapangaji wa miji katika nchi nyingi wanavitazama vichochoro vya nyuma kama akiba ya ardhi. Hoja yao inaeleweka kwa urahisi. Miji inajaa, viwanja vya katikati ya mji havikamatiki kwa bei, watu wanasukumwa pembezoni na kulala saa chache kwa sababu ya safari ya alfajiri; na huku katikati ya mji ule ule kuna njia za nyuma ambazo hazina kazi isipokuwa kuhifadhi takataka na kuficha wahalifu. Kwa nini zisigeuzwe nyumba ndogo, viwanja vya watoto, mahali pa kukaa wazee, njia za waenda kwa miguu? Naliunga mkono wazo hilo, kwa masharti. Masharti yenyewe nimejifunza kwa gharama iliyolipwa na mtu mwingine.

Njia iliyobuniwa kwa jina la afya

Wahudumu wa afya wanaosoma makala haya huenda wasijue kwamba vichochoro hivi kwa sehemu kubwa ni kazi ya wenzetu waliotutangulia. Uingereza ilipitisha Sheria ya Afya ya Umma mwaka 1875, na miaka miwili baadaye serikali ikatoa mfano wa kanuni za ujenzi ambazo halmashauri za miji zingezifuata. Nyumba mpya zilitakiwa ziwe na uwazi kwa nyuma. Hapakuwa na mabomba ya majitaka kila mahali. Choo kilikuwa ndoo au shimo lililozolewa usiku. Ilionekana si vyema mzigo huo upitishwe sebuleni, basi ukatengwa ujia nyuma ya nyumba ili mzoaji aingie, achukue na kutoka bila kuonekana na wenye nyumba.

Waingereza walipotawala miji ya Afrika Mashariki walikuja na mchoro huo mkononi. Katikati ya Nairobi njia hizo zipo hadi leo, na jina zinaloitwa kwa Kiingereza bado limebeba neno la usafi, ingawa mpita njia akivuta pumzi tu hatashawishika. Aliyepita humo usiku akiwa na ndoo kichwani aliitwa topasi. Kazi yake iliwalinda maelfu dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, nayo jamii ikamlipa kwa kumwepuka.

Hofu ya maradhi ilichora mambo makubwa kuliko vichochoro. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto kwa sababu za kiafya. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, serikali ya kikoloni ilimwalika Profesa W. J. Simpson, bingwa wa usafi wa miji, azuru Kenya, Uganda na Zanzibar. Ripoti yake ilipendekeza watu watenganishwe makazi kwa rangi zao, na uwazi uachwe kati yao. Dar es Salaam ikagawanywa rasmi katika kanda tatu za ujenzi mwaka 1924, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Leo watu hupumzika chini ya miti ya Mnazi Mmoja, na wachache hukumbuka kwamba uwazi ule ulihifadhiwa ili pumzi za watu fulani zisiwafikie watu wengine. Sisemi hivyo ili tuufunge uwanja. Nasema ili tujue kwamba ardhi iliyotengwa kwa nia mbaya yaweza kutumika vyema, na kwamba koti jeupe la daktari limewahi kufunika mambo yasiyohusiana na tiba.

Mabomba yalipofika, ndoo ziliondoka. Ujia ukabaki bila kazi. Kisheria ni mali ya umma, kwa vitendo haukuwa wa mtu, na kisicho cha mtu katika mji hupata mwenyewe upesi: mwenye duka anaweka jenereta, mwenye mgahawa anamwaga mafuta machafu, mama lishe anatandika meza, na fundi viatu anayelipwa kwa siku anapata chumba cha bei anayoimudu, umbali wa hatua hamsini kutoka kwenye wateja wake.

Barua yangu

Nilirudi ofisini siku ile nikiwa na hasira njema, kama niliyodhani. Niliandika barua. Nilieleza kwamba vyumba vile havifai kuishi binadamu, kwamba havina mwanga wala hewa, kwamba mgonjwa mwenye kifua kikuu cha kuambukiza amelala humo na watoto wadogo, na kwamba vinahatarisha afya ya umma. Kila neno lilikuwa kweli. Niliituma kwa waliohusika na kuendelea na kazi zangu.

Baada ya wiki chache vyumba vilibomolewa. Hilo lilifanyika asubuhi moja, na walioniarifu walidhani wananipa habari njema. Fundi alikuwa katika mwezi wa tatu wa matibabu. Wasomaji wengi wanajua kwamba kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita: miwili ya dawa nne kwa pamoja, halafu minne ya dawa mbili. Kufikia mwezi wa tatu mgonjwa hujiona mzima. Kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, na kinachomfanya aendelee kumeza vidonge ni mazoea ya kila siku, mke anayemkumbusha, na kituo kilicho karibu na njia ya kazini. Bomoabomoa ilivunja vyote vitatu. Mke na watoto walipelekwa mkoani kwa wazazi. Yeye alihama huku na huku, akilala kwenye baraza za maduka. Kadi yake ilibaki kwenye kabati letu ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba hajulikani alipo.

Alirudi baada ya miezi minane, akikohoa damu. Kipimo kilionyesha kwamba vimelea vyake sasa vilikuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo mhimili wa matibabu yetu. Enzi hizo tiba ya kifua kikuu sugu ilichukua miezi ishirini hivi, na sehemu yake ilikuwa sindano za kila siku ambazo huweza kuharibu mishipa ya usikivu. Alipona. Lakini sikio la kushoto halisikii kabisa, na la kulia husikia pale tu unapopaza sauti. Hivi leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo, tiba ya vidonge vitupu kwa miezi sita. Hilo ni jambo la kushukuru, ingawa kwake limechelewa.

Sina uhakika kwamba barua yangu peke yake ndiyo iliyoleta lile tingatinga. Huenda mwenye jengo jipya naye alikuwa na barua yake, iliyoandikwa kwa sababu nyingine. Ila yangu ndiyo iliyokuwa na lugha ya kitabibu, na lugha hiyo ina nguvu kuliko tunavyokiri. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya chumba, na sikuwa nimeandika hata mstari mmoja juu ya mahali ambapo watu wa chumba hicho wangelala usiku wa siku hiyo.

Baadaye niligundua kwamba kosa langu lina historia ndefu. Katika Jiji la Washington, Marekani, maelfu ya watu, wengi wao Weusi, waliishi katika nyumba ndogo zilizojengwa ndani ya vichochoro vya katikati ya vitalu, hasa baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na mwisho wa utumwa. Vifo vya kifua kikuu na vya watoto wachanga vilikuwa vingi humo. Mwaka 1892 bunge lilipiga marufuku ujenzi mpya katika vichochoro vyembamba visivyo na maji wala mabomba ya majitaka. Mwaka 1914 Ellen Wilson, mke wa Rais Woodrow Wilson, aliyekuwa amezuru vichochoro hivyo na kuvipigania, alifariki dunia wakati sheria ya kuviondoa ikipitishwa. Sheria hiyo haikutekelezwa, na mwaka 1934 ikaundwa mamlaka maalumu iliyopewa miaka kumi kuvifuta. Wenye nia njema waliona uchafu na maradhi, navyo vilikuwapo. Mwanahistoria James Borchert, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu maisha ya vichochoro hivyo, alionyesha kitu ambacho wengi wao hawakukiona: jamaa waliosaidiana, majirani waliolea watoto kwa pamoja, na uwazi wa katikati uliokuwa uwanja wa wote. Nyumba zilipovunjwa, ule mtandao ulivunjika pia. Zile chache zilizosalia sasa huuzwa kwa bei kubwa, na tangu mwaka 2016 kanuni za jiji hilo zinaruhusu tena makazi katika vichochoro.

Waliofungua milango

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni Melbourne, Australia, nami naona unastahili sifa zake nyingi, si zote. Mji huo ulipimwa mwaka 1837 kwa barabara kuu pana na mitaa midogo katikati yake. Wenye viwanja wakaendelea kuvikata na kuacha njia za nyuma. Kwa miongo mingi njia hizo zilibeba ndoo, na homa ya matumbo iliua watu wengi hadi mabomba ya majitaka yalipoanza kuunganishwa na nyumba mwaka 1897. Kisha zikawa za kupakulia mizigo na kutupia taka, sawa na zetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya majengo iliporomoka na ofisi nyingi za katikati zikabaki tupu. Mwaka 1992 jiji lilianzisha mpango wa kuhimiza ofisi hizo zigeuzwe nyumba za kuishi. Wakati huo nyumba za katikati ya mji zilihesabiwa kwa mamia tu, na katika miaka kumi hivi zikafikia maelfu. Jiji likashirikiana na msanifu wa Kidenmark, Jan Gehl, ambaye alihesabu watu wanaopita, wanaosimama na wanaokaa, akarudia hesabu hiyo baada ya miaka kumi. Kati ya mwaka 1994 na 2004 urefu wa vichochoro vyenye uhai, yaani vinavyopitika na vyenye milango inayofunguliwa humo, uliongezeka kutoka mita mia kadhaa hadi zaidi ya kilomita tatu.

Linalonivutia kama daktari ni namna walivyofanya. Vichochoro havikujengwa nyumba katikati yake. Viliachwa wazi, na majengo ya pembeni yakatakiwa yavigeukie: ukuta wa nyuma ukapata mlango, choo kikahamishwa, dirisha likateremshwa hadi usawa wa macho. Mtu anayeishi ghorofa ya pili akiwa na dirisha linalotazama chini ni mlinzi asiyelipwa. Kasoro ni ile ile ya kila mahali: ujia ukipendeza, kodi hupanda, na aliyekuwapo tangu mwanzo ndiye wa kwanza kuondoka.

Vancouver, Kanada, walifanya kinyume. Huko nyumba hujengwa ukingoni mwa ujia. Tangu mwaka 2009 mwenye kiwanja aweza kubomoa banda la gari lililo nyuma na kujenga nyumba ndogo inayotazama kichochoro, akampangisha mtu au akamweka mama yake mzee. Nyumba hiyo haiwezi kuuzwa peke yake, nayo hutegemea maji na majitaka ya kiwanja kile kile. Maelfu yamejengwa. Ukweli ni kwamba sisi hatuhitaji kufundishwa na Kanada habari za vyumba vya uani. Nyumba ya Kiswahili imekuwa na ua na mabanda yake tangu zamani, na nusu ya wasomaji wa jarida hili wamewahi kupanga humo au wanaishi humo sasa. Kinachofaa kujifunza ni kwamba wenzetu waliviandikia vyumba hivyo kanuni badala ya kujifanya havipo. Chumba kisichotambuliwa hakikaguliwi.

Hewa, maji, na njia ya kutokea

Hebu sasa tuingie ndani. Iwapo vichochoro vitajengwa nyumba, daktari wa kifua ataulizia hewa kabla ya jambo lolote. Vimelea vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mgonjwa kukohoa. Kinachoamua kama mtoto aliyelala chumba kimoja naye ataambukizwa ni mambo kadhaa, na mojawapo kubwa ni mara ngapi kwa saa hewa yote ya chumba hubadilishwa na ya nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka hospitali nane za Lima, Peru, ulipima jambo hilo. Vyumba vya wodi vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadilisha hewa yake mara 28 kwa saa kwa wastani. Wodi za zamani, zilizojengwa kabla ya mwaka 1950 zikiwa na dari ndefu na madirisha mapana, zilifikia mara 40. Za kisasa zenye dari fupi mara 17. Na vyumba vilivyotegemea mitambo ya hewa mara 12 tu. Kwa maneno mengine, dirisha pana lililo wazi liliushinda mtambo wa gharama kubwa.

Ila dirisha moja halitoshi, na hapa ndipo kichochoro kinapodanganya. Hewa haiingii chumbani kama haina pa kutokea. Chumba chenye mlango na dirisha katika ukuta mmoja, kikiwa kimeegemea jengo la jirani kwa nyuma, hubaki na hewa iliyolala hata pepo za kaskazi zikivuma barabarani. Lazima kuwe na tundu upande wa pili, au juu karibu na dari ambako hewa ya moto hukimbilia. Na ujia wenyewe ukiwa mwembamba kati ya maghorofa marefu hugeuka kisima. Jua huingia dakika chache tu. Kwa hiyo, si kila kichochoro kinafaa kujengwa nyumba. Vingine vinafaa kuwa njia, bustani au sehemu ya kukaa, na mtaalamu anayeahidi makazi katika kila mita ya ujia aulizwe kama angelala humo na wanawe.

Moshi nao usisahauliwe. Jenereta ya duka ikitoa moshi kwenye ujia, anayeishi humo huvuta kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lina hatari ile ile. Kila mwaka tunapokea watu waliofikishwa wakiwa hawajitambui asubuhi ya baridi au ya mvua, na jamaa wanadhani ni uchawi.

Kuhusu maji, Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2010, 2014 na 2019. Mbu aienezaye, aina ya Aedesi, huuma mchana na huzaliana katika maji kidogo sana: kopo, tairi, kisahani cha kiyoyozi. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Ujia wenye lami iliyobonyea na viyoyozi vinavyodondosha ni kitalu chake. Chicago, yenye takriban kilomita 3,000 za vichochoro, ilianza mwaka 2006 kuvitengeneza baadhi kwa sakafu inayopitisha maji yazame ardhini badala ya kutuama. Penye udongo wa kichanga njia hiyo yaweza kufaa. Penye mfinyanzi au maji ya ardhini yaliyo juu, mfereji wenye mwinamo mzuri unatosha, mradi usizibwe na taka.

Kisha upana wenyewe. Gari la kunyonya majitaka liingie. Gari la zimamoto liingie au bomba lake lifike. Machela igeuke kwenye kona. Nimewahi kumwona mama mwenye kifafa cha mimba aliyebebwa kwenye kiti cha plastiki kupita kichochoro, kwa sababu machela ilikwama kati ya ukuta na ngazi ya chuma ambayo mtu aliiongeza bila kumuuliza yeyote.

Mahali pa kukaa

Nyumba hupewa maneno mengi kwa sababu ina kodi. Uwazi hauna kodi, hivyo hauna mtetezi. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichagua kwa bahati nasibu viwanja vitupu kati ya 541 vilivyotelekezwa, wakaondoa taka, wakasawazisha ardhi, wakapanda nyasi na miti michache, na kuweka uzio mfupi wa mbao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wakazi wa jirani waliosema wanajihisi kuzama katika huzuni walipungua kwa takriban asilimia 41, wakilinganishwa na waliokaa karibu na viwanja ambavyo havikuguswa. Hakuna dawa iliyogawiwa. Karibu nasi zaidi, katika mtaa wa Dandora, Nairobi, uliojengwa miaka ya 1970 kwa nyua za pamoja kati ya nyumba, vijana walianza kusafisha nyua hizo, kuzipaka rangi, kupanda miti na kuweka michezo ya watoto, wakisaidiwa na mashindano ya mitaa yaliyoanza katika muongo uliopita. Hawakuanza na kibali wala mfadhili. Walianza na fagio.

Wagonjwa wangu wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa wananifundisha kipimo kingine. Mtu mwenye pumzi fupi huupima mji kwa viti. Akijua kwamba baada ya hatua mia kuna mahali pa kukaa kivulini, atatoka nyumbani. Asipojua, atabaki kitandani, na misuli ya miguu itaisha kabla ya mapafu. Bao la zege na mwarobaini mmoja kwenye ujia uliokufa ni tiba ambayo siwezi kuiandika kwenye cheti.

Kwa wahudumu wenzangu, hasa wale wa ngazi ya jamii, ombi langu ni dogo. Mnapomtembelea mgonjwa, ulizeni mlango wake unatazama wapi, dirisha liko wapi, anapika kwa nini na wapi, maji yanakwenda wapi. Yaandikeni kwenye kadi. Na ikiwa makazi hayafai, kabla ya kuandika barua kama yangu, andikeni kwanza jina la mtu atakayempokea mgonjwa na kituo atakakochukulia dawa zake. Uchunguzi na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na mgonjwa anayehama ana haki ya kupewa barua ya uhamisho ili aendelee kwingine bila kuruka hata siku moja. Nawe unayetumia dawa ukisoma haya: ukiambiwa uhame, pita kliniki kabla ya kufunga virago. Kama chumba chako hakina dirisha, shinda nje mchana kadiri uwezavyo, acha mlango wazi, na walete watoto wapimwe. Walio chini ya miaka mitano hupewa dawa za kinga hata wakiwa hawajaugua.

Fundi yupo bado. Familia ilirudi, wamepanga mbali kidogo, naye hufanya kazi mdomoni mwa ujia ule ule, chini ya mwavuli. Ujia umesafishwa na wenye maduka, umewekwa taa, na mama lishe wawili wana meza zao. Mwaka jana mmoja wa wenye majengo alinionyesha mchoro: vyumba sita vya kupangisha mwisho wa ujia, viwili juu ya vinne, na bao mbili za kukaa mbele. Nilimpelekea fundi karatasi ile kwa sababu ndiye pekee ninayemfahamu aliyewahi kulala mahali pale. Aliitazama kwa muda mrefu huku nyundo ikiwa mkononi, kisha akaweka kidole cheusi kwa gundi kwenye ukuta wa nyuma wa vyumba vya chini.

"Daktari," alisema kwa sauti ya juu, kama wasemavyo wasiosikia vizuri, "hapa hewa inatokea wapi?"

Nilirudisha mchoro ukiwa na alama ya kidole. Mchoraji amesema atautengeneza upya; vyumba vya chini vitakuwa vitatu badala ya vinne, na mwenye jengo bado anapiga hesabu.